SUFURIA YA JIRANI NA KUBE YA MCHUZI

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu (s.w.), aliyetuumba, akaturuzuku vilivyo vizuri na akatukataza vilivyo vichafu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), watu wa nyumba yake na Maswahaba wake wote.



Ama baad. Maneno ya Ijumaa hii ni juu ya kitu kidogo kuliko kidole gumba: ile kube ya kuungia mchuzi, iliyofungwa katika karatasi inayong'aa, ambayo dukani wengi wetu tunaiita magi tu, hata kama karatasi yake ina jina lingine. Msishangae nikianza na kitu cha jikoni. Dini yetu imeingia jikoni tangu mwanzo. Na kwa sababu ya kube hii haki ya mama mmoja ilivunjwa katika jamaa yetu, na aliyefungua mlango huo ni mimi ninayeandika karatasi hii. Kwa hiyo someni mkijua kwamba hapa imamu haonyi wengine tu, bali anajirudi mwenyewe.

YALIYOTOKEA

Miezi michache iliyopita, baada ya darsa ya Magharibi, kijana mmoja alinijia na karatasi ya kube mkononi. Kijana huyu anasoma Kifaransa vizuri. Akaniambia: "Maalimu, hapa wameandika extrait de levure. Levure ni hamira. Nimesikia kwamba hamira hiyo inachukuliwa katika viwanda vya bia. Tunaruhusiwa kula?" Mimi sikusoma shule ya Kifaransa. Nilisoma chuoni, juu ya mkeka, kwa ubao na wino. Katika maneno yote aliyosema, neno lililonifika sikioni ni moja tu: bia. Sikuuliza zaidi, wala sikungoja mpaka kesho. Nikajibu: "Mwanangu, kama imetoka katika bia, ni haramu." Nikavaa viatu, nikaenda nyumbani, nikalala.

Mimi nililala, lakini neno langu halikulala. Wiki mbili baadaye tulikuwa na arobaini ya marehemu mmoja. Kati ya mama waliopika alikuwamo mjane anayelea watoto wake kwa malewa. Anauza wali, lituma, sombe na samaki karibu na soko. Siku hiyo alileta sufuria mbili za sombe kuwa sadaka, hakuombwa na mtu. Vijana wakaona karatasi za kube kando ya mbabula. Wakasema: "Maalimu amesema ni haramu." Sufuria ya kwanza ikamwagwa nyuma ya nyumba, watoto wake wakitazama. Ya pili aliibeba mwenyewe kichwani akarudi nayo. Kesho yake habari ilikuwa imefika sokoni, tena imeongezwa: yule mama anapika na bia. Waislamu wakaacha malewa yake, na wasio Waislamu wakacheka.

Siku ya nne alikuja nyumbani kwangu. Hakupiga kelele. Alitoa salamu, akakaa, akasema: "Maalimu, mimi nilipika kwa bismillahi. Kama nilikosea, mbona hakuna aliyenifundisha kabla ya kumwaga? Na kama sikukosea, nani atanirudishia jina langu?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia: "Mama, nipe muda nitafute." Amenipa muda, na ameniruhusu niseme habari hii bila kutaja jina lake. Karatasi hii ndiyo jibu lake.

KITU CHENYEWE NI NINI?

Nilianza mahali ambapo ningeanza siku ile ya kwanza, yaani kuuliza mwenye kujua. Nilikwenda kwa ndugu yetu mmoja anayefundisha kemia katika shule ya sekondari. Alinieleza kwa saa nzima, na nitawapa kwa ufupi.

Hamira ni kiumbe hai, kidogo sana kisichoonekana kwa jicho, cha jamii moja na uyoga. Chakula chake ni sukari. Ikila sukari hutoa hewa na hutoa kilevi. Ndani ya unga, hewa ile huvimbisha mkate, na kilevi kile kidogo huondoka kwa moto wa tanuri. Ndani ya maji ya nafaka, kilevi hubaki, na hiyo ndiyo bia. Kiumbe ni kile kile. Mkate uliokula asubuhi umevimbishwa na hamira, na hakuna aliyemwaga mkate.

Sasa, utomvu wa hamira unaotiwa katika baadhi ya kube unatengenezwa hivi. Wanachukua hamira nyingi, wanaipasha moto wa kadiri, karibu digrii 50, mpaka inakufa na kuanza kujiyeyusha yenyewe. Nyama yake, kama tunaweza kuiita hivyo, inavunjika vipande vidogo vidogo. Maganda yanatupwa. Maji yaliyobaki yanakaushwa yawe mazito kama asali nyeusi, au yawe unga. Kitu hicho kina ladha ya mchuzi wa nyama, lakini hakuna nyama ndani yake.

Hamira hiyo inatoka wapi? Inatoka njia mbili. Njia ya kwanza ni kuilima makusudi kwa molasi, yale maji meusi yanayobaki sukari ya miwa ikishatolewa. Njia ya pili ni kuichukua kama mabaki katika viwanda vya bia, kwa sababu hamira huzaana humo mpaka inazidi haja yao. Hapo wanaiosha kuondoa uchungu na mabaki ya bia kabla ya kuitumia. Waingereza wamefanya hivyo zamani: mwaka 1902 katika mji wa Burton upon Trent, mji wa viwanda vya bia, ilianzishwa kampuni ya Marmite, ikitengeneza kitu cha kupaka juu ya mkate kutokana na hamira iliyobaki. Kwa hiyo kijana wetu hakusema uongo. Alichosikia kina asili. Lakini kina asili kwa hamira moja, si kwa hamira yote, na karatasi ya kube haisemi ni ipi.

Na ile ladha yenyewe? Mwaka 1908 mtaalamu wa Japani, Kikunae Ikeda, alichemsha majani ya baharini yanayotiwa mchuzi kwao, akatoa humo kitu kinacholeta ladha ile. Kinaitwa glutamati. Mwaka huo huo wa 1908, Mswisi Julius Maggi alitoa kube yake ya mchuzi. Glutamati imo katika hamira, imo katika nyanya zilizoiva, katika uyoga, katika samaki waliokaushwa. Mama zetu wanaotia makayabo kidogo katika sombe ili sombe ipate utamu, walikuwa wanajua siri hiyo kabla ya kube kufika Kisangani. Ladha hiyo si ya bia. Ni ya chakula, Mwenyezi Mungu ameitia katika vitu vingi.

WANACHUONI WANASEMA NINI?

Ndugu zangu, bia ni haramu. Nasema wazi asije mtu akasema Maalimu amelegea. Kila kinacholevya ni haramu, na kikilevya kingi chake, basi na kidogo chake ni haramu pia. Primus ni haramu, lotoko ni haramu, pombe ya mchikichi ikichacha ni haramu. Hilo halina mjadala.

Lakini tazameni mchikichi wenyewe. Mti mmoja unatoa mawese na unatoa pombe. Nani kati yetu amewahi kusema mawese ni haramu kwa sababu ni ndugu ya pombe? Muhogo na mahindi yanatoa bugali, na hayo hayo yanatoa lotoko. Hukumu haiendi kwa ukoo wa kitu. Inaenda kwa kitu chenyewe jinsi kilivyo mbele yako. Hata divai ikigeuka yenyewe ikawa siki, wanachuoni wote wameikubali siki hiyo. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii mlango huu wa kugeuka ni mwembamba. Wa Hanafi wameupanua zaidi. Lakini hamira haihitaji hata mlango huo, kwa sababu hamira yenyewe si kilevi. Ni kitu kilichooga ndani ya kilevi. Na kitu safi kilichopatwa na najisi, tangu tukiwa wadogo chuoni tumefundishwa dawa yake: huoshwa kwa maji mpaka ladha, harufu na rangi ya najisi viondoke.

Na hili si wazo langu peke yangu. Indonesia ni nchi ya Waislamu wengi sana, na wengi wao ni wa madhehebu ya Shafii kama sisi. Mwaka 2011 Baraza la Maulamaa la huko lilikaa juu ya suala hili hili, la utomvu wa hamira inayobaki katika kutengeneza bia. Halikusema ni haramu moja kwa moja, wala halikusema kuleni tu. Lilisema hamira hiyo imenajisika kwa bia, na kwamba yaweza kutohalishwa kwa kuoshwa mpaka athari ya bia iondoke. Baada ya hapo ni halali.

Nchi hiyo hiyo ilipata fitina ya kube na viungo kabla yetu. Mwanzoni mwa mwaka 2001 kulitokea kishindo kikubwa juu ya unga wa ladha wa Ajinomoto, kwa sababu katika kulisha vijidudu vinavyoutengeneza kilitumika kitu kilichopatikana kwa msaada wa kimeng'enyo cha nguruwe. Baraza la Maulamaa likasema haifai. Rais wa nchi, Abdurrahman Wahid, ambaye naye alikuwa mwanachuoni, akasema unga wenyewe haumo kitu cha nguruwe, ni halali. Wakatofautiana mbele ya taifa zima. Mwishowe kampuni ikabadilisha kile kitu kilichotumika, na unga ukarudi madukani. Tazameni: wakubwa wa elimu wenye maabara na vitabu walitofautiana juu ya kijiko cha unga. Mimi, Maalimu wa Kisangani, nilikata hukumu nikiwa natafuta viatu vyangu mlangoni.

KOSA LILIKUWA WAPI?

Katika Suratun-Nahl, aya ya 116, Mwenyezi Mungu anatukataza tusiache ndimi zetu ziseme hiki halali na hiki haramu kwa kumzulia Yeye uongo. Nimeisomesha aya hii mara nyingi. Siku zote nilidhani inawasema wale wanaohalalisha haramu. Sikuona kwamba makatazo yake yana pande mbili. Anayeharamisha halali amesema uongo juu ya Mungu kama anayehalalisha haramu. Sisi watu wa misikiti tunaogopa upande mmoja tu. Tunadhani kukataza ni usalama siku zote, kwamba ukisema haramu huwezi kukosa. Si kweli. Sufuria ya yule mama ni ushahidi.

Mtu ataniuliza: "Maalimu, si Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba halali iko wazi, haramu iko wazi, na kati yake mna mambo yenye shaka, na mwenye kuyaepuka ameilinda dini yake na heshima yake?" Ndiyo, katufundisha. Hadithi hiyo ni nguzo. Lakini tuitazame vizuri. Imesema mambo hayo watu wengi hawayajui. Ikiwa wengi hawayajui, basi wapo wachache wanaoyajua, na wajibu wetu wa kwanza ni kuwauliza hao kabla ya kuinua sauti. Na imesema mwenye kuepuka amelinda dini yake na heshima yake yeye. Haikusema amwage sufuria ya mwenzake. Kulinda heshima yako hakukupi ruhusa ya kuvunja heshima ya mjane.

Ndugu zangu, hili ndilo neno nililotaka mlibebe leo: uchaji katika mambo ya shaka ni wa sufuria yako, si wa sufuria ya jirani.

Tazameni walivyofanya wakubwa wetu. Sayyidna Abubakar (r.a.) aliletewa chakula na mtumishi wake, akala. Kisha mtumishi akamwambia kimetoka katika malipo ya uaguzi wa zamani za ujahili. Abubakar akatia mkono kinywani mwake mwenyewe, akatapika kila kilichokuwa tumboni. Huo ndio uchaji. Kidole alikitia katika koo lake, si katika koo la mwingine.

Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa safarini na Amr bin Al-As. Wakafika penye hodhi la maji. Amr akataka kumuuliza mwenye hodhi kama wanyama wakali hunywa humo. Umar akamwambia mwenye hodhi asiwajibu. Umar, ambaye shetani alikuwa akikimbia njia yake, hakutaka kuchimbua kisichomuhusu. Maji yalikuwa yanaonekana safi, na asili ya maji ni usafi.

Na Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe aliulizwa, kama alivyopokea Bibi Aisha (r.a.), juu ya watu wapya katika Uislamu waliokuwa wakileta nyama, haijulikani kama walitaja jina la Mungu walipochinja. Hakuwaambia waitupe. Hakuwaambia wakawafanyie watu wale upelelezi. Aliwaelekeza walitaje jina la Mungu wao wenyewe, wale. Basi kama nyama ya watu wageni imepewa dhana njema namna hii, sombe ya mama yetu anayesali nyuma yetu haistahili zaidi?

NA ANAYEOGOPA KUBE?

Huenda baada ya kusoma haya bado moyo wako hautulii. Nakuheshimu. Kuna mambo ya kweli ya kuangalia katika karatasi za kube. Utomvu wa nyama au wa kuku ulioandikwa humo waweza kutoka kwa mnyama asiyechinjwa. Mafuta ya mnyama yaweza kuwa ya mnyama usiyemjua. Namba E631 yaweza kutoka katika nyama au samaki, na yaweza kutengenezwa kwa muhogo au sukari bila mnyama. Basi nawapa njia ya kupita.

Kwanza, kama unaweza, nunua kube yenye alama ya halali, au ile ambayo maandishi yake umeyaelewa. Vijana mnaosoma Kifaransa, wasomeeni mama zenu karatasi hizo dukani kabla hazijafika jikoni. Huko ndiko msaada. Kusoma karatasi baada ya chakula kuiva na wageni kukaa, hiyo ni aibu tu.

Pili, ukishuku, acha wewe. Tia chumvi, tia kitunguu, tia makayabo, Mwenyezi Mungu akubariki. Usitangaze kwamba umeacha. Mwenye kutangaza uchaji wake ameshaanza kuuza.

Tatu, ukiletewa chakula na Mwislamu, taja jina la Mungu, ule. Ukishindwa kula, sema, "Mama, nashukuru, leo nimeshiba," au onja wali uache mchuzi. Mtume (s.a.w.) hakuwa anakitia chakula aibu: akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha.

Nne, ukijua kwa yakini, si kwa kusikia, kwamba kitu ni haramu, nenda kwa mpishi peke yake, kwa sauti ndogo, kabla ya kupakua. Umfundishe kama ungependa mama yako afundishwe.

Na kama mnataka sababu ya kweli ya kupunguza kube, iko moja iliyo wazi kuliko hamira. Somsomeni karatasi yake: mara nyingi neno la kwanza lililoandikwa ni chumvi, kwa sababu chumvi ndiyo nyingi kuliko vyote, na katika nyingi ni nusu yake au zaidi. Shirika la Afya la Dunia linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Sisi tunatia chumvi, tunatia makayabo, tunatia kube tatu juu yake, kisha tunashangaa wazee wetu wanaanguka kwa tension. Ukila kube kumi hutalewa, lakini moyo wako utalipa. Mwili ni amana.

Lakini hata hapo tuwe na huruma tunaposema. Wenye umri wanakumbuka miaka ya vita, kuanzia 1998 mpaka 2003, boti za Kinshasa zilipoacha kupanda mto, chumvi ikawa kitu cha kuhesabiwa kwa kijiko. Mtu aliyepika majani matupu bila chumvi anajua kwa nini mama maskini anaipenda kube. Kwa noti ndogo, sombe isiyo na nyama inapata harufu ya nyama, na watoto wanakula bila kulia. Kabla hujamkataza kube, jiulize kama umewahi kumpelekea samaki.

HARAMU TUNAZOZIJUA

Nimalizie na jambo linalonisumbua zaidi. Sisi tulioisoma karatasi ya kube mpaka herufi ya mwisho, mbona hatuisomi mifuko yetu? Hamira ina shaka. Kopo la kupimia mchele lililobonyezwa chini ili lichukue kidogo halina shaka, ni haramu. Deni la mwaka jana usilotaka kulipa, na unacho cha kulipa, halina shaka. Mshahara wa kibarua aliyebeba magunia yako bandarini, ukamwambia "rudi kesho" mara tano, hauna shaka. Pesa iliyotoka chini ya meza hainuki bia, lakini ndiyo iliyonunua mchele tuliokula siku ile ya arobaini, na hakuna aliyeuliza. Tulimwaga sombe ya mjane, tukala wali wa wenye nguvu.

Ni rahisi kumuuliza maskini juu ya mchuzi wake. Hana wa kumtetea. Na hii ndiyo alama ya kupima uchaji wetu: kama unawabana wanyonge tu na kuwaachia wakubwa, basi hofu hiyo si ya Mungu.

KUJIRUDI

Kwa hiyo nasema mbele yenu, kama nilivyosema neno la kwanza mbele ya watu. Nilisema bila elimu. Narudisha neno langu. Kube ya mchuzi si haramu kwa sababu tu imeandikwa hamira juu yake. Sombe ya mama yule ilikuwa chakula halali kilichopikwa kwa nia ya sadaka, na malipo yake yako kwa Mwenyezi Mungu, sufuria iliyomwagwa na iliyorudi nyumbani sawasawa. Aliyesema anapika na bia amesema uongo, na atubu.

Vijana walioimwaga sufuria ile, siwalaumu kuliko ninavyojilaumu. Walimfuata mwalimu wao. Tumekwenda pamoja, mimi nao, kumwomba radhi nyumbani kwake. Ametusamehe, Mwenyezi Mungu amlipe. Lakini msamaha wake haurudishi wateja. Hilo liko mikononi mwenu. Baada ya Sala ya leo, In shaa Allah, mimi nitakwenda kula kwenye malewa yake. Sitawaonyesha kwa kidole ni yapi. Wanaojua njia waje.

Ewe Mola wetu, turuzuku kilicho halali na ututosheleze nacho. Utupe elimu kabla ya maneno, na huruma pamoja na elimu. Utusamehe tulichoharamisha bila haki na tulichohalalisha bila haki. Uwalinde wajane na mayatima wa mji huu wa Kisangani, Makiso na Mangobo, Kabondo na Tshopo, ng'ambo ya mto Lubunga na kote. Uwarehemu marehemu wetu, uwaponye wagonjwa wetu, uipe nchi yetu amani. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

(Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Ukishaisoma, mpe mwenzako. Usiitupe chini, wala usifungie kitu sokoni.)